Kwenda Marseille kwa ajili ya mashua iliyoshonwa

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Ufaransa, anachosikia ni Paris. Ukiongeza kwamba huna mpango wa kulala Paris hata usiku mmoja, anakutazama kama mtu aliyefunga safari ya Makka akaishia Jedda. Mimi nakwenda Marseille, kusini kabisa, kwenye ukingo wa Bahari ya Mediteranea, na kilichonivuta huko ni mashua. Si ya kupanda. Ni mbao chakavu zilizolala chini ya taa za makumbusho, zenye umri wa zaidi ya miaka 2,500.

Mji wenyewe umezizidi umri kidogo tu. Wagiriki wa Phokaia, mji uliokuwa kwenye pwani ya Uturuki ya leo, walitia nanga hapo mnamo mwaka 600 kabla ya Kristo, kwenye ghuba ndogo iliyokingwa na upepo, wakajenga bandari. Ghuba hiyo haijahama. Ndiyo Vieux-Port, bandari ya zamani, ambako hadi leo asubuhi wavuvi huuza samaki gatini, huku boti za kitalii zikijipanga nyuma yao. Mwaka 1993, wachimbaji walipokuwa wakifukua uwanja wa Jules-Verne, hatua chache kutoka majini, walikuta vyombo vya kale vimezikwa kwenye tope. Tope ni mlinzi mzuri wa mbao, kwa sababu halipitishi hewa na bila hewa kuoza kunakwenda polepole mno.

Viwili kati ya vyombo hivyo ni vya Wagiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Kidogo kina urefu wa karibu mita 10, na ndicho kilichonifanya nianze kutafuta tiketi. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilitobolewa pembeni, tundu baada ya tundu, zikashonwa kwa nyuzi za kitani, kisha ndani zikapakwa mchanganyiko wa nta ya nyuki na utomvu wa msonobari ili maji yasipenye. Katika mabaki yake walikuta vipande vya marijani nyekundu, kwa hiyo inaaminika kilitumika kuvua marijani. Cha pili ni kikubwa, cha biashara, na mafundi wake walikuwa wameshaanza kuunganisha mbao kwa ndimi zinazoingia kwenye matundu. Kushona walikubakiza kwenye ncha na kwenye viraka. Shimo moja, vyombo viwili, na ufundi ukionekana unahama kutoka kizazi kimoja kwenda kingine.

Mtu wa pwani yetu hawezi kuyasoma hayo akatulia. Sisi tulikuwa na mtepe. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, tanga lilikuwa mkeka wa mraba, na mafundi wake mashuhuri walikuwa Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Nakala yake ilijengwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawekwa kwenye makumbusho ya Beit el Ajaib, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka, na tangu hapo ikabidi tuzoee kuuona mtepe wetu kwenye picha. Mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1 kuhusu safari za Bahari ya Hindi anavitaja vyombo vilivyoshonwa vya Rhapta, bandari iliyokuwa mahali fulani kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Yaani Mgiriki, au mtu wa lugha yake, alikuja huku akaona watu wanashona mashua, akaona inafaa kuandika. Kwao ilikuwa habari ya kale. Mababu zao walishaacha.

Sidai kwamba Mbajuni alijifunza kwa Mgiriki, wala Mgiriki kwa Mbajuni. Kushona mbao ni jawabu ambalo watu wa bahari nyingi walilifikia wenyewe, kila mmoja kwa kamba aliyokuwa nayo. Ninachotaka ni kusimama mbele ya yale matundu niyatazame kwa karibu: yamepishana kiasi gani, uzi unapitaje kwenye pembe, fundi alifanya nini alipokutana na kifundo cha mti. Mambo ambayo picha haionyeshi. Mwaka 2013 mafundi wa Marseille walijenga nakala ya ile ndogo kwa kushona, wakaiita Gyptis, wakaishusha majini ikasafiri. Nasi tungekuwa na la kuzungumza nao.

Basi safari inapangwa kutoka hapo kurudi nyuma. Hili ndilo neno langu kwa yeyote anayepanga safari ndefu: usianzie kwenye bei ya tiketi. Anzia kwenye kitu unachokifuata, uulize kinafunguliwa siku gani, msimu gani, na nani atakuwepo. Ukimaliza hapo ndipo ufungue programu ya tiketi. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaona ofa, wanaruka nayo, halafu wanaanza kutafuta la kufanya huko waendako.

Mwezi ulichaguliwa na bibi mmoja wa Kingazija, yaani wa kisiwa cha Ngazija huko Komoro, jirani yetu wa miaka mingi, mwenye wajukuu Marseille. Nilipomwambia nafikiria Agosti, kwa sababu likizo yangu huwa Agosti, alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso. “Agosti utamkuta nani kule, mwanangu? Agosti wote wako Ngazija wanaoana.”

Na ni kweli. Marseille ina jamii kubwa sana ya Wangazija, makumi ya maelfu, hata wapo wanaouita mji huo kisiwa cha tano cha Komoro. Mizizi ya jamii hiyo ni bandari yenyewe. Baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilitoka Marseille zikashuka Bahari Nyekundu hadi huku kwetu, Zanzibar ikiwemo, kisha Komoro, Madagaska na Réunion. Baadaye vijana wa Kingazija walipata kazi kwenye meli hizo, wengi wao chini kabisa kwenye joto la injini, na katikati ya karne iliyopita baadhi yao wakabaki nchi kavu, wakapanga vyumba, wakaitana. Soprano, yule mwanamuziki wa rap anayejaza viwanja Ufaransa, ni mtoto wa mji huo, wa wazazi wa Kingazija. Na kila kiangazi, Julai na Agosti, wenye uwezo wanapanda ndege kwenda nyumbani kwa ajili ya ndoa kuu, ile ya ada, ambayo mtu anaweza kuiwekea akiba nusu ya maisha yake.

Bibi hakuishia kwenye kicheko. Alinyamaza kidogo, akanikumbusha tarehe 30 Juni 2009. Siku hiyo ndege ya Yemenia iliyokuwa ikitoka Sana'a ilianguka baharini ikikaribia Moroni, mji mkuu wa Komoro. Walikuwemo watu 153, akaokoka mmoja tu, msichana wa miaka 12. Abiria wengi walikuwa wameanza safari Paris na Marseille, wakabadilishiwa ndege Sana'a. Mwaka 2022 mahakama ya Paris iliikuta kampuni hiyo na hatia ya kuua bila kukusudia. Marseille kuna mitaa ambayo karibu kila mlango ulikuwa na msiba. Ndiyo maana bibi, anaposikia mtu ananunua tiketi yenye kubadili ndege, swali lake la kwanza haliwi bei. Anauliza, “Unashukia wapi katikati, na unapanda ndege gani?”

Nikahamia Mei. Mei kule ni mwisho wa baridi na bado si joto la kuchoma. Ule upepo wao wa mistral unaoshuka na bonde la mto Rhône unaweza kuvuma wakati wowote, kwa hiyo koti jepesi linaingia kwenye begi hata kama jua linawaka. Na Mei inaniepusha na jambo jingine. Magenge ya chokaa ya Calanques, hifadhi ya taifa tangu 2012, huwekewa vizuizi kiangazi kwa sababu ya hatari ya moto wa msituni. Ghuba ya Sugiton, ambayo kila mtu anataka kupiga picha yake, inahitaji nafasi iliyowekwa mapema siku za kiangazi, watu 400 tu kwa siku, ingawa ni bure. Mei ya siku za kazi unaingia bila mizengwe.

Sasa njia. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Marseille, na sitegemei kuiona hivi karibuni. Zimebaki njia za kuunganisha, na tofauti yao kubwa, kwa maoni yangu, ni mahali utakapogongewa muhuri wa kuingia Ulaya. Wengi hawalitazami hilo.

Ukipitia Amsterdam au Paris, unaingia hapohapo eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na mpaka mmoja. Uhamiaji unaufanya kwenye uwanja mkubwa, ukiwa na saa inayokimbia na ndege ya pili inayokungoja, au isiyokungoja. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa mpakani, EES, unaochukua alama za vidole na picha ya uso kwa wageni wasio wa Ulaya, na mtu wa mara ya kwanza anachukua muda zaidi dirishani. Kwa njia hiyo, kuunganisha kwa saa moja na nusu kunakopendekezwa na kompyuta nakuita kamari. Ukipitia Istanbul, mambo yanageuka. Katikati hutoki nje ya uwanja, kwa hiyo viza ya Uturuki haikuhusu, na uhamiaji wa Ulaya unaufanya Marseille kwenyewe. Foleni ikiwa ndefu, acha iwe ndefu, huna ndege nyingine ya kukimbilia. Dar hadi Istanbul ni zaidi kidogo ya saa 7, Istanbul hadi Marseille kama saa 3 na nusu. Hiyo ndiyo niliyochagua.

Ipo njia ya tatu ninayoipenda kwa macho tu: Nairobi hadi Paris usiku, halafu treni ya kasi inayoondoka ndani ya uwanja wenyewe wa Charles de Gaulle hadi kituo cha Saint-Charles, kama saa 3 na nusu hadi 4, na unapotoka nje ya kituo mji wote uko chini yako, na ngazi 104 za kushuka. Inavutia sana. Lakini ndege na treni zikiwa tiketi mbili zisizojuana, ndege ikichelewa treni inaondoka na pesa yako. Nina begi la kilo 23 na magoti ambayo si ya juzi. Ngazi nitazipanda siku nyingine, mikono mitupu.

Ndugu zangu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi, ninyi mnaopitia Ulaya kwenda kwingine mna sharti la ziada. Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anahitaji viza ya kupitia uwanjani hata kama habanduki eneo la kubadilishia ndege kwenye nchi za Schengen. Mtanzania na Mkenya hawamo kwenye orodha hiyo. Sijui kwa nini watu huuziwa tiketi bila kuambiwa hilo, lakini huuziwa.

Kuhusu saa, jambo moja limewaharibia wengi safari. Tiketi imeandikwa saa 03:40, tarehe 12. Mswahili anaisoma, anajua ni saa tisa na dakika arobaini usiku, sawa. Tatizo ni tarehe. Huo ni usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo uwanjani unatakiwa tarehe 11 jioni, baada ya isha, si tarehe 12 usiku wakati ndege imeshafika na kurudi. Mimi huandika kwenye karatasi ukutani siku ya kuondoka nyumbani, kwa jina la siku, si tarehe ya ndege. Jumamosi usiku. Basi.

Upande wa uchovu, safari hii ina huruma. Tunapanda kaskazini zaidi kuliko kwenda magharibi. Mei, Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja tu, na Istanbul saa yao ni ileile yetu mwaka mzima. Mwenzangu aliyekwenda Chicago alikaa wiki akiamka saa nane usiku na njaa ya ugali. Hapa ni usingizi wa usiku mmoja ndio utakaodaiwa.

Viza. Nitakwenda haraka, maana habari zake zimeandikwa kila mahali. Maombi ya Ufaransa yanaanzia kwenye tovuti ya France-Visas, unajaza, unachapa, unaweka miadi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila wana haki ya kuvuta hadi 45. Kwa hiyo anayeomba wiki tatu kabla anajitafutia presha. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi ukikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iishi miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000.

Panapohitaji akili ni malazi na pesa. Mgeni mwenye hoteli iliyolipiwa anatakiwa kuonyesha uwezo wa euro 65 kwa siku, asiye na hoteli 120, na anayekaribishwa na mwenyeji 32.50. Wajukuu wa bibi walisema mara moja, njoo ukae kwetu. Asanteni, lakini kukaribishwa rasmi ni karatasi ya halmashauri ya mji, mwenyeji aende na hati za nyumba, aonyeshe ukubwa wa chumba na kipato chake, asubiri. Kijana anayefanya zamu mbili nimpeleke ofisini kwa ajili ya likizo yangu? Nitalipa chumba kidogo karibu na bandari, na kwao nitakwenda kula.

Tiketi, nayo, sikulipa kabla ya viza. Wakala wangu wa Kariakoo alinishikia nafasi na kunichapia ratiba, ndiyo niliyoambatanisha. Alinisukuma kidogo: “Dada, lipia kabisa, bei itapanda.” Ipande. Bei ikipanda naongeza kidogo, viza ikikataliwa baada ya kulipia napoteza yote. Nilichomtaka ni tiketi zote ziwe chini ya namba moja ya kumbukumbu, kwenda na kurudi, ili ndege ya kwanza ikichelewa wao ndio wanipangie nyingine na begi lifike mwisho wa safari. Na wakati wa kurudi kuna ulinzi ambao wengi hawaujui. Ndege yoyote inayoondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, hata iwe ya kampuni isiyo ya Ulaya, iko chini ya sheria yao ya fidia. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ucheleweshaji mkubwa usio na sababu ya dharura unaweza kukupa hadi euro 600. Wakati wa kwenda, ukitoka Dar na kampuni isiyo ya Ulaya, ulinzi huo huna.

Kadi ya manjano naibeba, ingawa njia yangu ya Istanbul haiidai. Anayerudi Tanzania kupitia Addis au Nairobi na kukaa hapo zaidi ya saa 12 anaweza kuulizwa chanjo ya homa ya manjano. Kadi haina uzito.

Begi nalo limepata msimamizi, bibi. Kaniletea orodha ya vitu vya kupeleka kwa wajukuu na ikabidi tukae nayo chini na kalamu. Nyama na maziwa ya aina yoyote Ulaya hawaruhusu kutoka huku, kwa hiyo samli ikafutwa, na bibi akanuna. Samaki wanaruhusu, hadi kilo 20, wakiwa wamesafishwa matumbo, kwa hiyo papa mkavu akabaki, ingawa nimemwomba afungwe mara tatu kwenye nailoni, na bado nahurumia nguo zangu. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Maembe yakakatwa. “Nazi wanaruhusu, embe hawaruhusu,” bibi akasema. “Nani kawatungia hiyo sheria, Mngazija?”

Nimepanga kutua Jumapili mchana. Uwanja uko Marignane, kilomita kama 27 nje ya mji, na basi la uwanjani linafika Saint-Charles kwa muda wa nusu saa hivi barabara ikiwa nyeupe. Makumbusho ya historia yako katikati ya mji, ndani ya jengo la maduka la Centre Bourse, unapita nguo na simu ndipo ukutane na Wagiriki. Maonyesho ya kudumu ni bure. Jumatatu yamefungwa, kwa hiyo Jumatatu ni ya soko la Noailles na ya kumtoa papa begini kabla mwenye nyumba hajauliza. Jumanne asubuhi, mlango ukifunguliwa, nitakuwa nje na daftari, penseli na futi ya fundi cherehani. Kama hawataniruhusu kusogea karibu, nitahesabu matundu kwa macho.